Sindano za Ujana

Kama una uvimbe usoni uliotokana na sindano ya urembo, na unaujua wewe na kioo chako tu, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi si daktari. Nilikuwa mpokea wageni katika hoteli moja hapa Dodoma, mke wa mtu na mama wa binti mmoja. Nitaeleza yaliyonipata kama yalivyofuatana. Mengine yanatia aibu, lakini aibu nimeshaizoea, na ndiyo iliyonichelewesha kutibiwa.

Ilikuwa miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa. Hoteli yetu ilinunuliwa na mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam, akatuletea meneja kijana aliyefunga tai hata kwenye joto la Oktoba. Siku ya kwanza alitukusanya kwenye ukumbi wa chakula akasema mapokezi ndiyo sura ya hoteli. Aliposema "sura" alitutazama mimi na mwenzangu, Bi Monika. Mwezi haukuisha Bi Monika akahamishiwa stoo, na kutoka stoo akapunguzwa kazini. Nilibaki mimi na wasichana wawili wapya. Nilikuwa nimevuka arobaini. Jua la Dodoma na upepo wake havikunionea huruma: mashavu yalikuwa na mabaka, na chini ya macho ngozi ilikuwa imelegea. Kila asubuhi nikisimama kaunta nilihisi zamu yangu ya kwenda stoo imekaribia.

Aliyeniletea habari za sindano ni Zuhura wa chumba cha kufulia, rafiki yangu wa siku nyingi.

"Kuna mama amefungua saluni karibu na stendi," aliniambia tukikunja mashuka. "Hapaki krimu. Anachoma seli."

"Seli gani?"

"Seli changa. Zinatoka kwenye kondo la nyuma la kondoo, zinaletwa kwa ndege. Ukichomwa, ngozi yako inakumbuka ilivyokuwa usichanani."

Msomaji kijana atacheka. Sisi tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kupanga foleni kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Sasa maduka yalijaa vitu vyenye maandishi ya kila lugha, na chochote kilichotoka nje tulikiona kizuri kabla hatujakifungua. Mwenye saluni aliitwa Madam Stela. Sikumwuliza alisomea wapi. Alivaa koti jeupe, na alikuwa na chupa ya chai yenye mdomo mpana iliyojaa barafu, na ndani ya barafu vichupa vidogo. Hilo lilinitosha.

"Seli changa zinazifundisha kazi zile kuukuu," alisema akinipapasa shavu. "Utaona mwenyewe. Ila usile samaki, na usicheke sana."

Alinichoma chini ya macho na mashavu yote mawili. Nilikaza macho darini, sikuangalia sindano imetoka wapi. Kwa miezi mingi baadaye nilijaribu kukumbuka kama nilisikia karatasi ya sindano mpya ikichanwa. Sikuweza kukumbuka. Hata leo siwezi.

Mwanzoni nilipendeza kweli. Uso ulijaa, mikunjo ikapotea, ngozi ikang'aa. Meneja alipita kaunta akasema, "Mama Tumaini, naona likizo imekukubali," wakati sikuwa nimekwenda likizo yoyote. Mume wangu, Yohana, ni fundi wa pampu za maji, na siku nyingi hukaa vijijini kwenye visima. Aliporudi alinitazama akauliza kama nimebadilisha mafuta ya kupaka. Nikasema ndiyo. Mvua za kwanza zilipoanza nikarudi kwa Madam Stela, akanichoma tena.

Mvua zilipokolea, asubuhi moja nikinawa, kidole changu kilikuta kitu kwenye shavu la kushoto. Kilikuwa kama punje ya mtama chini ya ngozi. Hakikuuma. Baada ya muda kikawa kama kunde, na jirani yake ikaota punje nyingine. Nikiwa kazini mkono ulikwenda shavuni wenyewe; wageni wakaanza kuutazama mkono, kisha shavu.

Nilirudi saluni. "Hizo ni seli zinajenga," Madam Stela aliniambia bila hata kuinuka. "Kanda kwa maji ya moto."

Nikakanda asubuhi na jioni. Zile punje zikaungana, ngozi ya juu ikawa ya zambarau, ikapungua unene mpaka nikaogopa kulalia upande ule. Siku ilipopasuka nilikuwa kaunta, nikimwandikia mbunge mmoja chumba. Niliona amerudi nyuma hatua moja kabla sijahisi kitu chenyewe kikitiririka. Msichana mmoja wa mapokezi alinisukumia kitambaa cha meza. Meneja alinitoa mbele ya wageni siku hiyo hiyo. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nenda ukajitibu, mama," na ule upole wake ulinitisha kuliko kelele.

Yohana alirudi kutoka safari akanikuta na bandeji. Nikamwambia ni jipu. Akavuta kiti, akaketi mbele yangu, akauliza jipu gani linaota sehemu kadhaa kwa mpigo. Nikaanza kulia, na katikati ya kulia nikamweleza yote. Nilidhani atauliza kwa nini, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo.

"Hiyo sindano," alisema, "kabla ya kuingia kwako ilikuwa kwa nani?"

Hatukulitaja jina la ugonjwa. Miaka ile halikutajwa ndani ya nyumba. Watu walisema mdudu, au walishika tu mashavu yao kuonyesha mtu alivyokonda. Mtaani kwetu Kikuyu turubai la msiba lilikuwa likitoka ua huu kwenda ua ule. Yohana alihamia kulala sebuleni. Alisema ni kwa sababu ya joto. Nami nilikubali kwamba ni joto, ingawa mvua ilikuwa ikinyesha.

Hospitali walinipa vidonge vya rangi mbili. Havikusaidia. Wakapasua, wakasafisha, wakafunga. Pembeni pakaota pengine. Mimi ambaye maisha yangu yote nilikuwa nyuma ya kaunta nikitazama wengine wakisubiri, nilijifunza kusubiri. Barazani kulikuwa na benchi refu, na waliowahi walikaa upande wa ukuta penye kivuli. Waliochelewa walisukumwa juani kadiri asubuhi ilivyosonga. Hakuna aliyeuliza mwenzake anaumwa nini, lakini wote tulikisia. Nilijitanda kanga mpaka puani nikawa naonekana macho tu. Harufu ya kidonda changu ilikuwa ikinirudia mwenyewe ndani ya ile kanga. Niliogopa jirani anaisikia, nikawa nageuzia uso ukutani.

Daktari wa ngozi hakuwa wa hapa. Alikuja kutoka mkoa mwingine mara moja kwa mwezi, na ndipo nilipoanza kuhesabu maisha kwa safari zake. Safari ya kwanza aliniuliza ilianzaje. Nikasema nilichomwa na mwiba wa mgunga nikiokota kuni kwa mama yangu Hombolo. Aliandika. Alikata kipande kidogo cha nyama kipelekwe kupimwa Dar es Salaam.

Nilipotoka, muuguzi aliyekuwa akituita majina, Sista Bahati, alinifuata barazani. Alikuwa mtu mzima kidogo kuliko mimi, mwenye sauti ya kwaya. Safari hii aliishusha.

"Mama Tumaini, wewe ni wa tatu kuja na mwiba huu huu," alisema. "Na wote umewachoma mashavuni. Rudi ndani ukamwambie daktari, kabla hajaondoka."

Nikarudi. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, akapiga mstari juu ya alichoandika, akaandika upya. Hakunigombeza. Aliuliza kama nilikuwa na mume, na kama nilikuwa tayari kupima damu.

Nilitolewa damu wiki hiyo, nikaambiwa majibu yatachukua muda. Ule muda sitausahau. Kila kitu mwilini kiligeuka kuwa dalili. Nikikohoa, ni yenyewe. Nikikosa hamu ya ugali, ni yenyewe. Nilijipima uzito kwenye mizani ya jiko la hoteli nilipokwenda kuchukua nguo zangu kabatini, na nilipokuta nimepungua nikaketi juu ya gunia la viazi, nikashindwa kusimama. Zuhura alinikuta pale. Hakusema pole. Aliketi kwenye gunia la pili, akasema, "Mimi ndiye niliyekupeleka."

"Nilikwenda kwa miguu yangu," nikamwambia. "Nisindikize tu, usiniache."

Hakuniacha.

Wakati huo wifi yangu, dada yake Yohana, alikuja kutoka Mpwapwa kutusaidia. Alikuwa mchapakazi, sitamsema vibaya. Lakini siku ya pili nilikuta kikombe changu na sahani yangu vimewekwa peke yake dirishani, vimefunikwa kitambaa. Jioni binti yetu Tumaini alirudi kutoka shule, akiwa na sare yake, akamwamkia shangazi yake shikamoo, kisha akaona kile kikombe. Alikichukua, akamimina chai, akanywa akiwa amesimama katikati ya jiko mpaka kikaisha.

"Tumaini!" shangazi yake alisema.

"Abee, shangazi."

"Hicho ni cha mama yako."

"Najua, shangazi," akasema, akakisuuza akakirudisha kabatini pamoja na vingine.

Niliingia chumbani nikazika uso kwenye mto, ule upande usio na kidonda, nikalia. Nililia kwa furaha, lakini hofu haikuondoka, maana sasa niliogopa kwa ajili yake pia.

Mama yangu naye alikuja. Hakuna aliyemwita, habari zilifika Hombolo zenyewe. Kiswahili chake ni cha kuchagua maneno, anasema machache. Alifika na mfuko wa mlenda mkavu na kishada cha zabibu za msimu, nikamwamkia nikiwa nimejitanda.

"Ondoa kanga," akasema.

"Mama, panatisha."

"Uso huu nimeuzaa mimi. Ondoa."

Nikaondoa. Aliutazama kwa makini kama anavyotazama jani la mzabibu lenye ukungu, bila kukunja uso. Akachemsha maji, akatia chumvi, akaacha yapoe, akaniosha kwa pamba alizopewa na Sista Bahati. Alikaa mpaka mvua zikakaribia kuisha, akiniosha kila siku, na hakuniuliza hata siku moja kilichonipeleka kwa yule mwanamke. Kazi aliyoifanya jioni ilikuwa kukaa na Yohana nje. Sijui walizungumza nini.

Siku ya majibu nilivaa gauni la kanisani. Nilidhani nitakwenda na Zuhura. Nilipotoka mlangoni nilimkuta Yohana amesimama na baiskeli, amevaa shati safi.

"Mimi pia nilikwenda kutoa damu," alisema, bila kunitazama. "Twende tukasikie pamoja."

Nikapanda nyuma ya baiskeli. Hospitali tulikaa kwenye benchi upande wa jua. Mlango ulifunguliwa na kufungwa, ukafunguliwa na kufungwa. Mwanamume mmoja alitoka akatembea moja kwa moja mpaka getini bila kofia yake. Tulimwona mlinzi akimkimbilia nayo. Yohana alishika mkono wangu hadharani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu harusi. Kiganja chake kilikuwa kimelowa.

Mshauri, mama mmoja mwenye miwani, alitusomea majibu ya kila mmoja wetu. Hatukuwa nao. Kisha akasema nirudie baada ya miezi mitatu, kwa sababu huenda damu ikachelewa kuonyesha. Yohana aliyasikia yale ya kwanza. Mimi niliyasikia ya mwisho. Njiani alikuwa akipiga mluzi na mimi nyuma yake nikihesabu miezi.

Hata hivyo jua lilipozama siku ile alirudisha mto wake chumbani.

Majibu ya ile nyama yalifika na safari iliyofuata ya daktari. Alieleza kwamba vijidudu viliingia na ile dawa au ile sindano, na ni vibishi, vinataka vidonge vya miezi mingi. Nilianza kumeza wakati wa mavuno ya mtama. Vidonge vilikuwa vikubwa, na vilinigeuza tumbo kila asubuhi. Mkojo ukawa mwekundu kama juisi ya rozela. Siku ya kwanza nilipiga kelele chooni, kwa sababu hakuna aliyekuwa amenionya. Wewe nakuonya. Machozi nayo yalitia doa kwenye foronya. Nilipoteza ladha ya chai. Viungo viliuma, na kipupwe cha Juni kilipoingia shavu liliniuma mpaka kwenye meno.

Sista Bahati aliniambia wamekuja wengine. Nikamwuliza kama kuna aliyekwenda kumzuia Madam Stela. Akasema taarifa imepelekwa, inashughulikiwa. Jumamosi moja sikuweza kukaa. Nikamwita Zuhura, tukaenda.

Saluni ilikuwa imejaa. Wanawake watano au sita walikuwa kwenye viti vya plastiki, wengine wadogo wa kuweza kuwa binti zangu. Madam Stela alinitambua kwa macho tu, maana nilikuwa nimejitanda.

"Mgonjwa wangu!" alisema kwa sauti ya kuchangamka. "Umepotea. Si nilikukataza samaki?"

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani. Yote yalipotea. Nikateremsha kanga, nikabandua bandeji, nikageuka taratibu mbele ya wale wanawake ili kila mmoja aone. Zuhura akanishika kiwiko.

"Hapa ndipo aliponichoma," nikasema. "Mwaka jana mwishoni. Nilikuwa na uso kama wenu."

Mmoja akachukua mkoba wake akatoka. Mwingine akafuata, kisha wawili pamoja. Madam Stela alikuwa akisema mimi ni mwathirika, nimekuja kumharibia jina. Neno hilo, la wenye ule ugonjwa, alilisema wazi, na kipimo changu cha pili kilikuwa bado. Msichana mmoja mwenye nywele za kusuka hakuinuka. Nikamwangalia.

"Mimi nimeshalipa, mama," akasema, akashusha macho.

Nilirudisha bandeji, nikatoka. Baada ya wiki chache saluni ilikuwa imefungwa kwa kufuli, wengine wakasema amehamia Singida, wengine Morogoro. Yule msichana nilimkuta kwenye benchi la hospitali daktari alipokuja tena, amejitanda kanga mpaka puani. Hakunisalimia, na sikumlazimisha. Nilisogea nikampisha upande wa ukuta, penye kivuli.

Kipimo cha pili nilikwenda wakati wa vumbi la Agosti. Yohana alikuwa safarini, aliomba ruhusa akanyimwa. Mama akaja tena kutoka Hombolo, nikaenda naye, akakaa nje akinisubiri na fimbo yake magotini. Nilipotoka sikuweza kusema. Nilitikisa tu kichwa kwamba hakuna kitu. Yeye akaelewa vingine. Akainuka akanikumbatia, akaanza kuomboleza kwa Kigogo, watu wakageuka. "Mama, sina! Sina!" nikasema. Akanisukuma, akanipiga kofi la begani, akacheka na kulia kwa pamoja, na benchi zima likacheka nasi, hata wale waliokuwa bado hawajaitwa.

Vidonge nilimaliza mvua nyingine zilipokuwa zimeanza na kukoma. Shavu lilifunga, lakini halikurudi. Lina mabonde matatu na ngozi ngumu inayovuta jicho chini kidogo, na kila asubuhi nalipapasa kwanza kabla ya kuinuka kitandani, nikitafuta punje. Daktari alisema woga huo utapungua. Umepungua, haujaisha. Hotelini hawakunirudisha kaunta. Walinipa kazi ya kupokea simu, kwenye chumba kidogo nyuma ya ngazi. Wageni wananijua kwa sauti. Nilidhani itaniumiza, na miezi ya kwanza iliniumiza kweli. Kisha siku moja nikagundua nimemaliza zamu nzima bila kufikiria uso wangu.

Kanga ya kujitanda niliiacha siku moja nikinunua nyanya sokoni. Jua lilikuwa kali, nikachoka, nikaiteremsha mabegani. Nilipokuwa nikiondoka nilisikia nafuatwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, amevalia kiofisi, mwenye kitambulisho cha kazi shingoni. Akanisimamisha nyuma ya vibanda vya dagaa.

"Mama, samahani sana. Ulipata ajali?"

"Hapana," nikasema. "Nilichomwa sindano za urembo. Za seli."

Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama ni za yule mama aliyetoka Morogoro, anayefuata watu majumbani kule Mkonze.

"Sijui siku hizi anatokea wapi. Ana chupa ya chai yenye barafu?"

Alinyoosha kidole, akasita, nikasogeza uso karibu. Akaligusa lile kovu kwa ncha ya kidole, bonde la kwanza, la pili, la tatu.

"Linauma?"

"Kwenye baridi."

"Mimi nimepewa miadi ya Jumamosi," akasema.

Nikamwelekeza kwangu Kikuyu, nikamwambia muda huo huo wa miadi aje kwangu tunywe chai. Sikuamini kwamba atakuja. Jumamosi nilikaa sebuleni tangu asubuhi nikisikiliza kila hatua iliyopita nje, birika limepoa, nikalipasha, likapoa tena. Adhuhuri ikapita. Ndipo nikasikia "Hodi," nikaenda kufungua, na jambo la kwanza nililotazama ni mashavu yake. Yalikuwa mazima.